Jasho Liende Wapi? Mazungumzo Kuhusu Vitambaa vya Kutembelea Juani

Mazungumzo haya yalitolewa Dodoma mjini mbele ya vikundi vya matembezi, waongoza watalii na mafundi cherehani, kabla ya safari za Oktoba. Tunayaweka yote hapa kwa ajili ya waliokosa kufika.

Mbukwenyi!

Wazee wetu mlioketi mbele, shikamooni. Viongozi wa vikundi, ndugu zetu mliotoka Kondoa na Mpwapwa alfajiri, karibuni. Na ninyi mafundi cherehani mlioitikia mwaliko, karibuni sana, kwa sababu nusu ya maneno ya leo ni ya kwenu.

Kabla sijasema lolote, nyoosheni mikono. Nani amekuja na jezi ya mpira? Naam, wa Simba na wa Yanga, leo mmekaa pamoja bila ugomvi. Nani amevaa jinzi? Nani amevaa shati la kitenge? Haya, shusheni. Jaji wa mavazi hapa hayupo. Ninachotaka ni kwamba kila mmoja akitoka hapa ajue nguo aliyovaa inafanya nini na jasho lake. Maana ukiyaweka kando maneno ya wauzaji, swali la kitambaa cha kutembelea juani ni moja tu: jasho liende wapi?

Mtu anayepanda kilima juani hutoa jasho kati ya nusu lita na lita nzima kwa saa, na wengine huzidi hapo. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya mwili huondoka na joto la takriban kilojuli 2,400. Joto hilo lingechemsha lita saba za maji ya bomba. Ikikauka, nasema. Jasho linalodondoka kidevuni halijakupoza hata kidogo. Umepoteza maji na chumvi bure. Kitambaa kizuri ni kile kinacholichukua jasho, kikalitandaza, kikaliachia hewa. Kitambaa kibaya hulifungia ndani, au hulibeba tu kama mzigo.

Sasa hewa yenyewe ikoje? Mji huu uko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,100 na ushee. Mvua yetu kwa mwaka ni kama milimita 550 hadi 600, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Ikifika Oktoba na Novemba joto la mchana hupita nyuzi 30, upepo unavuma, na hewa ni kavu. Ndugu zangu, ukavu huo tunaulalamikia kila siku kwa sababu ya midomo kupasuka na vumbi, lakini kwa mtembeaji ni mali. Dar es Salaam mtu anasimama kituoni asubuhi, shati limeshalowa, na litabaki limelowa hadi jioni kwa sababu hewa yenyewe imeshiba maji. Huku kwetu anika fulana nyepesi saa sita mchana. Saa saba unaivaa.

Kwa hiyo mtu wa Dodoma akisoma ushauri wa mtandaoni unaosema "tupa pamba, nunua poliesta", aulize kwanza: huyu aliyeandika anatembea wapi? Mara nyingi anatembea kwenye milima ya baridi na mvua. Huko pamba ikilowa inakaa na maji, maji yanaendelea kuuibia mwili joto, na usiku ukiingia mtu anaweza kufa kwa baridi. Ni onyo la haki, huko. Je, ni la haki kwa mtu anayepanda kwenda kuona michoro ya miambani ya Mongomi wa Kolo, kule Kondoa, saa tano asubuhi mwezi wa Oktoba? Hapana. Pamba iliyolowa kwenye hewa kavu hufanya kazi ileile ya mtungi wa maji jikoni: unavuja jasho kwa nje, upepo unapita, maji ya ndani yanapoa. Kinachomdhuru yule wa baridi ndicho kinachokufaa wewe, mpaka jua lizame. Hapo mambo yanageuka, na nitafika huko.

Wazee mnaijua habari ya Marenga Mkali. Vijana, hii ni ya kwenu. Karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, penye Tabora ya leo, na Ujiji kwa miguu. Burton na Speke walipita njia hiyo mwaka 1857, Stanley akapita mwaka 1871. Ukishaiacha Mpwapwa, kabla ya kuingia Ugogo, kulikuwa na nyika isiyo na maji, mwendo wa maili 30 hivi, ndiyo hiyo Marenga Mkali. Wapagazi waliivuka na mizigo ya ratili 60 au 70 mabegani. Walivaa nini? Merikani, ile pamba nzito isiyopaushwa iliyokuja kwa meli kutoka Massachusetts, au kaniki. Basi. Na pamba hiyohiyo ndiyo waliyobeba kama fedha, maana watemi wa Wagogo, wenye visima, walitaka hongo yao kwa vitambaa.

Lakini tazameni walivyovuka. Walipiga tirikeza. Asubuhi wanapumzika penye maji, wanakunywa, wanajaza vibuyu. Alasiri jua linapoinama wanaondoka. Wanatembea hadi usiku, wanalala pakavu, alfajiri wanaendelea mpaka maji ya mbele. Walijua jambo ambalo duka la nguo haliwezi kukuuzia: kitambaa hakishindani na saa. Ukiondoka saa kumi na mbili asubuhi na fulana yoyote ile, unamshinda aliyeondoka saa nne na shati la gharama. Panga saa kwanza, halafu njoo kwenye kitambaa.

Tuje sasa kwenye nyuzi zenyewe. Kila uzi una kiu yake. Ukiuacha katika hewa yenye unyevu wa kawaida, uzi unavuta maji kulingana na uzito wake mkavu: sufu kama asilimia 16, kitani 12, rayoni 11 hadi 13, pamba 8.5, nailoni 4 hivi, na poliesta asilimia 0.4. Sikilizeni tena hiyo ya mwisho. Sufuri nukta nne. Poliesta hainywi maji kabisa. Inawezaje basi kusifiwa kwa jasho? Kwa sababu jasho haliingii ndani ya uzi. Linapita katikati ya nyuzi, kwenye vijia vyembamba, na kusambaa. Vijia hivyo vikiwepo, jezi inakauka upesi kuliko pamba. Visipokuwepo, umevaa mfuko wa plastiki wenye nembo ya timu.

Utajuaje? Tone la maji. Chovya kidole, dondosha tone moja upande wa ndani wa kitambaa, hesabu taratibu hadi tano. Likitandaa likawa pana kuliko sarafu, hiyo ni jezi ya kazi. Likikaa duara juu ya kitambaa kama ushanga, irudishe. Ila kama nguo ni mpya, ifue kwanza ndipo uihukumu, kwa sababu dawa za kiwandani huzuia maji. Na ukishaipitisha, kumbuka kasoro moja ya poliesta ambayo haiponi: inapenda mafuta ya mwili. Inayashika, bakteria wanayala, na siku ya pili ndani ya gari la pamoja kila mtu anajua nani kavaa nini.

Rayoni, ile inayoitwa pia viskosi, ndiyo inayowadanganya wengi sokoni. Ni laini, inateleza, ina ubaridi mkononi, na vitambaa vingi laini vya magauni ni hiyo. Kwa kukaa kivulini, safi. Lakini ikilowa hupoteza karibu nusu ya nguvu zake. Pale begi linaposugua mgongo, pale goti linapokunja, inachanika. Pamba ni kinyume chake: ikilowa inazidi nguvu. Kitani ni bora kuliko vyote kwa joto, kinapitisha hewa vizuri na hakigandi mwilini, ila kinakunjamana na ni ghali kikiwa kipya. Ukipekua mashati ya kiume kwenye mitumba, pale Sabasaba au mnadani Msalato, utakikuta, kwa sababu wanunuzi wengi wanakiruka wakidhani ni shati lililochoka. Nailoni waachieni suruali. Shuka nyingi za kujitanda, zile za mistari, zinazouzwa siku hizi ni akriliki: nzuri usiku, adhabu mchana.

Lebo imekatwa? Mitumba mingi lebo haipo, na ikiwepo wakati mwingine inasema uongo. Vuta uzi mmoja wa sentimita tatu hadi tano kutoka mshono wa ndani, ushike kwa kibanio cha chuma, fanya juu ya sahani penye utulivu, si mbele ya rundo la mfanyabiashara. Washa. Pamba, kitani na rayoni huungua kama karatasi, harufu ya karatasi, na jivu lake ni laini, linapukutika. Sufu na hariri zinanuka nywele zilizoungua. Poliesta na nailoni zinajikunja, zinayeyuka, zinaacha kidonge kigumu. Usikiguse kikiwa cha moto. Ukipata jivu laini lenye chembe ngumu ndani yake, hiyo ni mchanganyiko wa pamba na poliesta. Mchanganyiko huo hatuutupi. Mashati mengi ya sare ni wa namna hiyo, na kwa mtembeaji una faida: unavuta jasho kiasi, unakauka upesi kiasi, haukunjamani. Kwa anayetaka shati moja la kila safari, mimi ningemwambia achukue huo.

Sasa mtasema, basi pamba ni pamba, tumemaliza. Hatujamaliza. Jinzi si pamba? Ni pamba. Na jinzi ndiyo suruali mbaya kuliko zote kwa kazi hii. Kwa nini? Uzito. Jinzi ya kawaida ina kama gramu 400 kwa mita ya mraba. Shati la juani linatakiwa kuwa gramu 100 hadi 140. Fulana ya kawaida ya pamba ni 160 hadi 180. Suruali ya kutembelea 150 hadi 200. Jinzi ikilowa jasho kiunoni na mapajani inashika maji, inakuwa nzito, inaganda gotini, na kila unapoinua mguu kupanda jiwe unavuta kitambaa pamoja na mguu. Fanya hatua elfu moja namna hiyo uone.

Fundi anaweza kupima uzito huo bila mashine. Kata kipande cha sentimita 10 kwa 10, kipeleke kwa sonara mwenye mizani ndogo. Gramu utakazopata zidisha mara 100. Kipande cha gramu 1.3 ni kitambaa cha gramu 130. Kama huna sonara, tumia mdomo: bana kitambaa juu ya midomo, vuta pumzi na kuitoa kupitia humo. Pumzi ikipita bila kusukuma, jasho nalo litapita. Ikigoma, rudisha mezani.

Halafu tazama kilivyotengenezwa. Fulana na jezi ni vitanzi vilivyoshikana. Zinavutika, zinagusa mwili. Poplini, kitenge na kadeti zimefumwa kwa mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na za upana zinazopishana. Hazivutiki, zinasimama mbali kidogo na ngozi. Nani hapa ameshapita kwenye kikwata? Mwiba wake umepinda kama ndoano ya samaki. Ukiingia kwenye kitanzi cha jezi unavuta uzi, na uzi mmoja ukikatika shimo linakimbia. Ukiingia kwenye kadeti unakwama, unarudi nyuma nusu hatua, unatoka. Tena mbegu za kishonanguo na nyasi kavu zinapenya soksi za vitanzi na kukuchoma njia nzima. Kwa hiyo kwenye vichaka vya Kondoa na Manyoni, mwili wa juu unaweza kuvaa chochote, lakini miguu ivae kitambaa cha kufumwa: kadeti nyepesi, au nailoni yenye vijisanduku vidogo vilivyofumwa ndani ili ikichanika isiendelee. Bukta? Barabarani sawa. Porini utajuta.

Rangi sasa. Hapa ndipo ubishi huwa mkubwa. "Vaa nyeupe, nyeusi inavuta joto." Ni kweli inavuta. Lakini mwaka 1980 watafiti walichapisha katika jarida la Nature jibu la swali ambalo kila mtu alikuwa akijiuliza: kwa nini Mabedui wa jangwani huvaa kanzu nyeusi? Walimsimamisha mtu kwenye jua la adhuhuri katika jangwa la Negev, akavaa kanzu nyeusi, kisha nyeupe, na mavazi mengine. Kanzu nyeusi ilipata joto zaidi, kweli. Lakini joto lililofika kwenye ngozi lilikuwa lilelile kama la nyeupe. Limekwenda wapi? Limechukuliwa na upepo, kwa sababu kanzu ni pana na hewa inapita ndani yake kabla joto halijafika mwilini. Mmeipata siri? Upana. Nguo nyeusi ya kubana ni tanuri. Nguo nyeusi pana ni jambo jingine. Na nguo nyeupe ya kubana haikusaidii unavyodhani. Akina mama mnaovaa baibui, msikubali mtu awaambie kuvaa kwenu kunawazuia kutembea. Chagueni kitambaa kinachopitisha pumzi, msichukue ile poliesta nzito inayong'aa, na msikifunge kiunoni.

Tena nyeupe ina tatizo lake. Fulana nyeupe nyepesi ya pamba huzuia miale ya jua kwa kiwango cha 7 hivi kwenye kipimo ambacho 50 ndiyo kinga bora, yaani inapitisha takriban sehemu moja kwa saba. Ikilowa hushuka hadi kama 3. Unajipoza huku unaungua, na hujui. Hili ni zito kwa ndugu zetu wenye ualbino. Wao wasipande mlima kwa fulana nyeupe iliyolowa hata siku moja. Tiba yake iko mikononi mwetu. Kitenge cha pamba kilichofumwa kwa kubanana na kutiwa rangi nzito kinazuia miale kuliko fulana nyeupe, na bado kinapumua. Kinyanyue kuelekea jua, weka mkono nyuma yake. Ukiona vidole vyako, jua nalo linaviona.

Kuna rangi mbili za kuepuka kwa sababu nyingine. Anayekwenda misitu ya Manyoni, Rungwa au Swagaswaga asivae bluu wala nyeusi. Mitego ya mbung'o hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizohizo, kwa sababu mbung'o huzifuata. Ukivaa bluu umejifanya mtego usio na dawa. Na mbung'o huuma kupitia kitambaa kilichobana ngozi, upana tena. Chukua kaki, udongo, kijani kilichofifia. Ila mabaka ya kijeshi usiyaguse, hata ukiyakuta kwenye mitumba kwa bei ya karanga. Sheria haimruhusu raia, na "nilikuwa napanda mlima" haitakusaidia kituoni.

Nimesema sana habari za nje. Twende kwenye ngozi, kwa sababu safari nyingi zinaharibikia mahali ambapo watu wanaona haya kupataja. Mapajani. Makwapani. Chini ya sidiria. Chupi ya pamba ikilowa haikauki, maana haipigwi na upepo; hewa kavu ya Dodoma haifiki huko. Basi hoja yangu yote ya kuitetea pamba inaishia kiunoni. Pamba iliyolowa inasugua, chumvi ya jasho inabaki kama mchanga, na baada ya kilomita nane au kumi mtu anatembea ametanua miguu. Vaa taiti fupi ya nailoni au poliesta yenye mpira, inayofika katikati ya paja, mshono wake usipite pale mapaja yanapokutana. Paka mafuta ya mgando kabla ya kuondoka. Ukisubiri uanze kuwashwa, umechelewa. Sidiria iwe ya michezo, ya kitambaa kinachosambaza jasho, isiyo na waya. Anayepata harara kifuani na shingoni aangalie kwanza kama kitambaa chake kinapumua, kabla ya kulaumu sabuni.

Soksi vivyo hivyo. Soksi ya pamba ikilowa inakunjamana ndani ya buti, na mkunjo ndio unaozaa lengelenge. Tafuta yenye nailoni na sufu, au nailoni na poliesta, inayopanda juu ya buti. Beba jozi ya pili, ubadilishe saa za chakula, na ile iliyolowa ifunge nje ya begi. Kwa jua letu itakauka kabla hamjaondoka.

Na khanga? Nilikuwa naisubiri. Khanga moja ya pamba, siyo ile ya poliesta inayoteleza, ndiyo kifaa nisichoweza kukiacha. Chini ya pama inafunika shingo na masikio. Ukifika penye maji unailowesha na kuizungusha shingoni, nusu kikombe cha chai kinatosha. Lakini kama maji uliyonayo ni ya kunywa tu, yanywe. Usiyamwage kwenye kitambaa. Mwenzenu akizidiwa na joto, akaanza kuchanganyikiwa au kusema maneno yasiyoeleweka, hapo ndipo maji yote yanaruhusiwa: mpelekeni kivulini, mlegezeeni nguo, mfunikeni khanga iliyoloweshwa, mpepeeni bila kuacha, mlowesheni tena, na mtu mmoja aanze kutafuta usafiri wa hospitali papo hapo. Msingoje aseme amepata nafuu.

Nimeahidi kurudi kwenye jua kuzama. Mwezi wa Juni na Julai usiku wa Dodoma hushuka hadi nyuzi 13 au 14, na upepo wake mnaujua. Ile pamba iliyokuwa rafiki yako adhuhuri inageuka. Na anayekwenda Hanang asikilize zaidi. Kilele kiko mita 3,420 hivi. Kila mita 1,000 unazopanda, joto hushuka kwa nyuzi kama 6. Unaondoka Katesh na jasho, unafika juu ambako joto liko kama nyuzi 10 chini ya pale ulipoanzia, ukungu na upepo juu yake. Huko maneno ya wale wa milima ya baridi yanakuwa kweli tupu. Vaa poliesta au sufu nyepesi kwa ndani, na weka shati moja kavu ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa. Ulibadilishe lini? Kabla ya kuanza kutetemeka. Dakika mbili baada ya kusimama, ukiwa bado na joto la mwendo.

Mafundi, sasa ninyi. Mteja akileta kitenge kwa shati la kutembelea, msikate siku hiyo. Kitenge kipya kina wanga na gundi. Ndiyo maana kinasimama kama karatasi. Kikiwa hivyo hakipumui na hakinywi jasho. Mwambie akiloweke usiku kucha, akifue kwa maji ya uvuguvugu mara mbili au tatu, akianike, akipige pasi, ndipo alete. Faida ya pili: pamba hurudi kwa asilimia tatu hadi tano. Mkono wa sentimita 60 unapungua sentimita mbili hadi tatu, na kifundo kinabaki juani. Kwa kitambaa cha upana wa sentimita 115, shati la mikono mirefu la mtu mzima linahitaji mita mbili na nusu, tatu kwa mwenye mwili mkubwa.

Pimeni kifua, ongezeni sentimita 12 hadi 15. Mshono wa begani usikae juu ya bega ambapo mkanda wa begi unakandamiza. Usogezeni mbele sentimita tatu au nne. Mishono ya ubavuni na mikononi iwe ile ya jinzi, ya kukunja na kupiga mistari miwili ilale, kwa sababu ovaloki iliyoachwa wazi inakwaruza ngozi yenye chumvi. Uzi uwe wa poliesta hata kama kitambaa ni pamba; uzi wa pamba unaoza kwa jasho, na shati linaachia kwapani wakati kitambaa bado kizima. Toboeni matundu matatu makwapani, myazungushie uzi. Kola iwe na kimo cha kusimama. Kwenye suruali, wekeni kipande cha pembe nne pale miguu inapokutana, ili mishono minne isigongane sehemu moja. Hapo ndipo suruali zote hupasuka mtu anaporuka jiwe.

Kufua ni kwa kifupi. Kilainishi cha nguo, kile cha kunukia, usikitie kwenye jezi wala soksi. Kinaziba vijia vya jasho. Jezi inayonuka igeuze ndani nje, iloweke nusu saa kwenye siki sehemu moja kwa maji sehemu nne, halafu ifue. Dawa ya kung'arisha inaua mpira wa taiti na kuigeuza nailoni njano. Pamba anika juani. Nailoni anika kivulini, kwa sababu jua lenyewe linaila.

Sampuli ziko pale mezani, na kiberiti, kibanio na sahani vipo. Anayetaka kuchoma uzi wa nguo aliyokuja nayo, aanze na mshono wa ndani na amwombe jirani yake ruhusa kama nguo ni ya kuazima. Maswali ya vitambaa nayapokea sasa hivi. Maswali ya viatu tuyaache, hayo yataturudisha nyumbani usiku.